Mwaka Tuliokatazwa Kusema Hatujui

Tulimzika Dokta Makundi kwao Old Moshi, Jumamosi, kwenye kihamba cha baba yake, shamba la migomba la ukoo, na watu walikuwa wengi hadi magari yakaachwa chini kabisa, karibu na shule. Nilikaa hema la pili, nikala wali na ndizi nyama kama waombolezaji wengine, nikasikiliza wasifu wake ukisomwa kwenye kipaza sauti. Walisema alikuwa mtumishi mwadilifu, mlezi wa vijana, mtu wa msimamo. Kuhusu mwaka aliokuwa mwenyekiti wetu ilisomwa sentensi moja tu, kwamba marehemu alitoa mchango katika masuala ya akili mnemba, kisha msomaji akageuza ukurasa haraka. Mama aliyekaa jirani yangu aliniona nimeinama nikijifuta macho, akaniuliza kwa upole kama naweza kusimama. Nikamwambia ni vumbi tu. Vumbi halikuwepo, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na wala sikuwa nalia. Nilikuwa nazuia kicheko. Tumefundishwa kwamba mtu akishafukiwa unamsamehe. Nilijaribu pale pale, udongo ukiwa bado unamwagwa, nikaona msamaha haunikai moyoni. Basi ule mwaka uliopewa sentensi moja nitausimulia mimi.

Nilikuwa wakili kijana, bado nanukia chuo, nilipoitwa kuwa katibu wa kamati ya kuandaa mwongozo wa kutumia akili mnemba kwenye zahanati za mlimani. Leo sijafika hata arobaini, lakini vijana wa ofisini wananipa shikamoo kama bibi yao, na sishangai, kwa sababu ujana wangu uliishia mwaka ule. Tulipewa nyumba Shanty Town, mtaa wa wenye nafasi mjini Moshi, nyumba ya zamani yenye veranda pana, na sebule yake ndiyo ikawa chumba chetu cha mikutano. Makochi yalikuwa bado yamevishwa vitambaa vya kufuma vya mwenye nyumba. Projekta ilikaa juu ya kabati la vyombo, na tulichotaka kukiona tulikionyesha kwenye shuka jeupe lililopigiliwa misumari ukutani. Mwezi wa saba wingu lilikaa juu ya mji siku nzima, baridi ikapenya hadi chini ya milango, tukawa tunafanya kazi tumejifunika mashuka ya kimasai, wataalamu wa serikali tumejikunyata kama wagonjwa wa malaria. Bado nakipenda kile chumba. Sijawahi tena kukaa mahali ambapo watu wenye akili zao wanabishana juu ya jambo ambalo hakuna hata mmoja wao anayelijua, na kwa muda, kabla mambo hayajaharibika, hakuna anayeona aibu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kampuni moja ilikuwa na programu ya simu. Nesi anaingiza habari za mjamzito, umri wake, presha, uzazi uliopita, anavyojisikia, na programu inatoa rangi. Nyekundu, apelekwe hospitali mjini leo hii. Njano, aangaliwe kwa karibu. Kijani, arudi nyumbani. Ilikuwa imefundishwa kwa taarifa za wanawake wa nchi nyingine, na hakuna aliyejua ingemsomaje mwanamke wa Kibosho anayebeba majani ya ng'ombe kichwani hadi mwezi wa mwisho. Tena kampuni ilikuwa inaibadilisha kila mara, kwa hiyo hata tungeipima vizuri mwaka ule, ya mwaka unaofuata ingekuwa nyingine. Na wakati huohuo wanawake walikuwa wanafia njiani, kwenye barabara zile zinazogeuka utelezi wakati wa masika, bila programu yoyote. Kungoja nako kulikuwa na makaburi yake. Sisi tulitakiwa kuiambia wizara iruhusu au isiruhusu, na kama ni kuruhusu, kwa masharti gani.

Mtu wa hesabu kwenye kamati alikuwa Rukia Athumani, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Majengo, mwembamba, mwenye sauti ya chini, ambaye akianza kufikiri anasahau kutafuna. Chakula cha mchana alituletea Mama Makundi, mke wa mwenyekiti, kwa sababu hakuwaamini mama ntilie wa mjini. Alikuja na hotpoti ya mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, akaiweka mezani katikati ya karatasi zetu, na kila mara alimhakikishia Rukia kwamba nyama imechinjwa na Mwislamu. Mabishano yetu makubwa yote yalifanyika juu ya mtori ule.

"Tuandike hatujui," Rukia alisema siku moja, kijiko kikiwa hewani. "Aya ya kwanza kabisa. Hatujui itakavyofanya kazi hapa."

Dokta Makundi alicheka ile cheko yake ya upole, ya mzee anayemwelewa mtoto. "Rukia mwanangu, serikali haiandiki hatujui. Waziri asimame bungeni aseme nini? Mheshimiwa Spika, hatujui?"

"Aseme hatujui, ndiyo maana tunaanza na zahanati chache. Ndiyo maana nesi akiona rangi haimwingii akilini ana ruhusa ya kuikataa, na hatahojiwa na mtu. Ndiyo maana kibali kinakufa chenyewe baada ya mwaka, mpaka kamati ikae tena ikipe uhai. Sisemi tusifanye, Dokta. Nasema tufanye kwa namna ambayo tukikosea tutajua mapema, na njia ya kurudi iwepo."

"Na mwanamke wa zahanati ambayo haimo kwenye hizo chache zako? Anayefia barabarani wakati sisi tunajifunza? Mume wake utamwambia nini?"

Rukia alikishusha kijiko. "Nitamwambia sijui kama ingemsaidia."

"Hilo jibu halimfikishi mtu hospitali," Dokta akasema, akajiongezea mtori.

Nataka kuwa wa haki hapa, si kwa ajili yake, ni kwa ajili yangu, maana kisasi kinachoanza na uongo hakina utamu. Hoja ya Dokta haikuwa ya kijinga. Usiku kadhaa niligeuka kitandani nikijiuliza kama Rukia hakuwa anawauza watu kwa ajili ya usafi wa hesabu zake. Kama Dokta angeendelea kubishana naye hadi mwisho, hata angemshinda kwa kura, leo ningekaa hema la kwanza pamoja na familia, na ningelia. Lakini Dokta hakutaka kumshinda Rukia. Alitaka asiwepo.

Niligundua hivyo jikoni. Tulikuwa tumemaliza kula, nimeenda kunawa, na dirisha la jikoni linatazama veranda. Dokta alikuwa nje anaongea na simu, amenipa mgongo. "Rasimu ni safi, mheshimiwa, safi kabisa," alikuwa anasema. "Kuna binti mmoja tu anatusumbua. Huyo wa Majengo, ndiyo. Mimi nina wasiwasi naye, nadhani anatumiwa na washindani wa kampuni. Rasimu zinatoka nje... Hapana, hapana, niachie mimi, nitalimaliza." Akasikiliza, kisha sauti ikabadilika, ikawa laini kama ya mtu anayeposa. "Na ile kamati ya taifa, mheshimiwa, nisisahauliwe." Maji yalikuwa yanaendelea kutiririka mikononi mwangu. Niliyafunga taratibu ili asigeuke. Nilipomsimulia Rukia, alicheka. "Rasimu nimpe nani, Anande? Mama yangu?" Hakuamini kwamba mtu anayemwita mwanangu anaweza kumfanyia hivyo bila kugombana naye kwanza.

Alimfanyia Jumatatu iliyofuata, mbele yetu wote, kwa sauti ya masikitiko. Alisema zimemfikia taarifa nzito, kwamba hazungumzii mtu kwa chuki, kwamba kwa usalama wa kazi ya taifa ndugu Rukia atakabidhi kompyuta leo. Nilisimama nikasema si kweli, nikasema nilichokisikia dirishani. Dokta alinitazama bila kukunja uso. "Wakili, ulisikia upande mmoja wa simu ya mtu mwingine, ukiwa jikoni. Huo ndio ushahidi mliofundishwa chuoni?" Mtu mmoja akacheka. "Kaa, binti yangu. Hasira si hoja." Rukia alichomoa chaja yake ukutani, akaizungushia waya vizuri, akaiweka juu ya kompyuta kana kwamba anamtunzia mtu mwingine. Nilimfuata hadi getini nikimwambia na mimi naacha kazi. Alinishika mkono. "Usithubutu. Ukitoka na wewe, nani atajua wanachoandika?" Basi nikabaki. Kabla ya siku hiyo nilikuwa nakasirika ovyo kama watu wote, nikifoka na kusahau. Kuanzia siku hiyo nilijifunza kuchukia kwa utulivu, kwa adabu, huku nikimwamkia kila asubuhi, shikamoo Dokta, na yeye ananiitikia marahaba.

Majengo habari zilifika kabla Rukia hajafika. Kwamba kafukuzwa kwa kuuza siri za serikali. Baba yake, ambaye alikuwa akiwashonea watu kanzu za Idd mtaa mzima, alianza kuletewa vitambaa na watoto badala ya wenyewe, ili watu wazima wasilazimike kukaa naye. Mchumba wa Rukia alisafiri kikazi, na safari yake haikuisha. Yeye mwenyewe hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Wakati huo Dokta alikuwa anafuta masharti ya Rukia kwenye rasimu, moja baada ya jingine, na kazi ya kuyafuta kwenye kompyuta alinipa mimi. Pale palipokuwa na zahanati chache pakaandikwa zahanati zote zilizo tayari. Nesi atakayekwenda kinyume na rangi akatakiwa kujieleza kwa maandishi wilayani. Ukomo wa kibali ukaondolewa. Na kwenye aya ya kwanza, mahali pa neno lile alilolikataa, pakakaa sentensi aliyoitamka mwenyewe akitembea sebuleni, mikono nyuma: programu imethibitika kuwa salama na inafaa kwa mazingira yetu. Simu zikaanza kugawiwa mlimani hata kabla mwongozo haujazinduliwa.

Paskalina nilimfahamu baada ya msiba wake. Aliishi Kibosho, juu ambako barabara inakuwa mawe matupu, na alikuwa na mimba ya pili. Nesi wa zahanati, Gaudensia, alimwona miguu imevimba, akamsikia analalamikia kichwa, akaingiza yote kwenye simu. Kijani. Aliwaza kumpeleka mjini hata hivyo, kisha akakumbuka maelezo ya maandishi ambayo angedaiwa wilayani, akamrudisha nyumbani. Paskalina alianguka kifafa cha mimba kesho yake, katikati ya migomba. Mume na majirani walimbeba hadi lilipo gari. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Mimi na Rukia tulipanda kwenda kumpa pole. Tulikaa jikoni, moshi wa kuni ukituchoma macho, mama mkwe wake akatupa kiburu kwenye bakuli za bati, ndizi na maharage vimepondwa vikawa laini, na hakuna aliyeweza kumeza. Paskalina alikuwa amekaa kwenye kigoda, khanga imemkaza kifuani kwa sababu ya maziwa.

"Nesi aliniambia kichwa hicho hakipendi," alisema. "Lakini simu ikasema kijani. Akanionyesha. Mimi nikafurahi, dada. Nilirudi huku nimefurahi."

Rukia alitoka nje, akasimama kwenye migomba hadi tulipoondoka. Asubuhi yake nilimpelekea Dokta habari ile. Alisikitika kwa muda unaotosha, kisha akasema kisa kimoja si takwimu, na kwamba nesi ndiye aliyeingiza vibaya. Tayari ameshauri asimamishwe kazi. "Unajua kwamba aliingiza vibaya?" nikamuuliza. "Najua," akasema, bila hata kuinua macho. Hapo ndipo nilipomwona mzima mzima, kama mtu anavyoiona nyumba umeme ukirudi. Dokta asingeweza kusema sijui. Angeng'olewa meno yote kwanza. Mtu wa namna hiyo huhitaji kumsukuma. Unamuuliza tu maswali, mbele ya watu wanaofaa.

Mkutano wa wadau wa kuzindua mwongozo ulipangwa kwenye ukumbi wa hosteli moja mjini, na ratiba ya mkutano ni kazi ya katibu. Nilimwomba Rukia aniandalie maswali kuhusu programu ambayo leo hii hakuna mtu duniani anayeweza kuyajibu kwa uhakika. Alifurahi, akidhani nimepata njia ya kuyarudisha masharti, akaniandalia kwa uangalifu wote aliokuwa nao. Nilimwalika mhandisi wa kampuni, kijana wa Arusha, mkweli kupita kiasi kwa kazi ile, ambaye tulipokunywa naye chai alikiri kwamba mengi hata wao yanawashinda kueleza. Nikampanga azungumze mara tu baada ya mwenyekiti. Nikahakikisha mgeni rasmi kutoka Dodoma anakaa mbele, katikati. Gauni nililipiga pasi mwenyewe. Nilikuwa na furaha ya bibi harusi.

Dokta aliwasilisha vizuri. Alikuwa na sauti nzuri. Ulipofika muda wa maswali nikasimama kwa heshima zote. "Mwenyekiti, kwa faida ya wageni. Kwa akina mama wenye upungufu wa damu wa huku kwetu, programu imepimwa?"

"Imepimwa. Inafanya vizuri."

"Na kampuni inapoibadilisha, kipimo kile bado kinasimama?"

"Kinasimama. Msingi ni uleule."

"Na lile tukio la Kibosho, chanzo chake kinajulikana?"

"Kinajulikana. Ni uzembe wa nesi. Hilo nalisema kwa uhakika."

Nikamshukuru. Nikamgeukia mhandisi. "Tungeomba kampuni ithibitishe majibu ya mwenyekiti, ili yaingie kwenye kumbukumbu za mkutano."

Yule kijana alisimama, akashika kipaza sauti, akakishusha, akakiinua tena. "Samahani sana," akasema. "Hilo la upungufu wa damu, kwa hapa hatujalipima. Na tukibadilisha programu inabidi kupima upya, msingi hauwi uleule. La Kibosho tumeliangalia. Nesi aliingiza kila kitu sawasawa. Kwa nini ilitoa kijani, hata sisi hatujui."

Mgeni rasmi aliuliza bila kupandisha sauti, "Mwenyekiti, ulituandikia imethibitika. Imethibitishwa na nani?" Dokta alifungua mdomo. Alinitazama mimi, si mgeni rasmi, na nikaona anaelewa, pole pole, kuanzia machoni kushuka hadi mabegani. Neno moja dogo lingemwokoa hata dakika ile. Akasema, "Mheshimiwa, wataalamu wetu..." kisha akashindwa kuendelea. Nimekula vitu vitamu maishani. Hakuna kilichofikia kimya kile.

Wiki ileile mpango ulisimamishwa wote. Simu zikakusanywa zahanati zote, na ile kamati ya taifa ikamsahau Dokta, ikamsahau moja kwa moja. Nesi Gaudensia alirudishwa kazini. Rukia hakuombwa radhi na mtu yeyote mwenye muhuri. Na nesi mmoja wa Machame alinipigia simu ananigombeza: programu ilimpa nyekundu kwa mama ambaye yeye angemrudisha nyumbani, na yule mama yu hai kwa sababu hiyo, sasa mwingine akija afanye nini? Nilimwambia afanye kama zamani. Alikata simu.

Nilikwenda Majengo kama mtu anayepeleka zawadi. Mama yake Rukia alikuwa amepika pilau, akanikumbatia mlangoni, akasema wallahi Mungu hamtupi mja wake. Rukia alikuwa mkekani. Alisubiri mama atoke.

"Wameufuta wote?"

"Wote."

"Nilikupa yale maswali ili mpango upate breki. Wewe umeuchoma moto na watu wamo ndani." Hakupandisha sauti. "Hujui kama mpango ulikuwa unaua zaidi au unaokoa zaidi. Mimi sijui. Kampuni haijui. Wewe ulijuaje, Anande? Ulikuwa na uhakika, kama yeye."

"Kuhusu mashine sikuwa na uhakika wowote," nikamwambia. "Nilikuwa na uhakika kuhusu yeye."

"Na wale kina mama?"

Mama alirudi na sahani, tukala, na pilau lilikuwa zuri. Miezi michache baadaye Rukia alipata kazi ya kufundisha chuo cha nchi jirani, na kuanzia hapo tunatumiana salamu za Idd na Krismasi tu. Hakuniomba nimlipizie. Nalijua hilo. Nilimlipizia hata hivyo, na kama ingekuwa kesho ningeamka mapema nikapiga pasi lile gauni. Sauti ya Paskalina akisema alifurahi haijanitoka masikioni, na mtu akitaka nimsamehe Dokta, amlete kwanza yule mtoto.

Kabla mwaka haujaisha wizara iliunda kamati mpya kwenye nyumba ileile, na uenyekiti wakanipa mimi. Niliandika masharti ya Rukia yote, kwa maneno yake, na nikapigania kila nukta hadi yakapita. Siku ya kwanza nilikuta vitu vya Dokta bado vimo kwenye chumba cha mwenyekiti, vitabu, sweta, picha yake akipeana mkono na wakubwa. Mchana Mama Makundi akaja kuvichukua. Nilimwamkia, akaitikia. Alivipanga kwenye boksi bila haraka, akanikatalia chai. Alionekana amepungua. Alisema mzee halali, hali chakula vizuri, anakaa barazani kutwa na kukataa wageni.

"Kuna kitu kimoja anauliza kila siku," akasema, akiwa amefika mlangoni. "Anauliza kama ni wewe uliyempangia vile, au ilitokea tu. Mimi namwambia haiwezekani, yule mtoto amekula chakula changu mwaka mzima."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mume wake. Ningeweza kumwambia lolote, na angeliamini, na mzee angelala.

"Mwambie ni mimi," nikasema.

Akalikumbatia boksi kifuani, akaanza kuteremka ngazi za veranda, akitafuta kila ngazi kwa mguu maana hakuweza kuiona. Lilikuwa zito. Sikunyanyuka kumsaidia.